Kikohozi cha Mzee Asukile

Siku hizi hakuna anayekohoa kwenye kona ya njia, pale Ilomba. Yudith bado husikiliza. Mkono husimama juu ya chungu, kisha huendelea.

Kwa miaka kumi na mmoja baba mkwe wake, Asukile, mwashi wa matofali, alikohoa pale kila alipokuja nyumbani. Kwa Wanyakyusa mke wa mwana haonani na baba mkwe, wala hasemi naye. Kikohozi kilimpa Yudith nafasi ya kujificha.

Mwaka 1956 Asukile alianza kutoa damu chooni. Alisema ni mchango wa tumbo, akanywa mizizi michungu karibu mwaka mzima. Alipofikishwa hospitali Mbeya, tumbo lilikuwa limekaza kama ngoma, na siku ya nne hajapata choo.

Filemoni, tabibu msaidizi, Mhehe wa Ipogolo, alimfasiria maneno ya daktari.

"Mzee, ni saratani. Imeziba utumbo, tena imeshafika kwenye ini. Ini hatuligusi, hakuna dawa yake. Ila utumbo tunaweza kuufungua, choo kitokee ubavuni. Utapata miezi. Tusipokata, ni siku tu."

"Nani ataosha hapo ubavuni?"

"Mtu wa nyumbani. Kila siku."

Mke wa Asukile alishafariki. Mwanawe pekee, Mika, alikuwa kwenye mashamba ya tumbaku Iringa. Aliyebaki alisimama nje ya mlango, amejigubika kanga.

"Basi msikate," akasema Asukile.

Filemoni akacheka kwa hasira. "Ninyi Wanyakyusa! Mtu anakufa, bado anaona haya?"

"Wewe Mhehe, kaoge kwanza mbele ya mama mkwe wako, ndipo uje kunifundisha."

Hapo nje ya mlango ikatoka sauti ya Yudith.

"Bwana tabibu, mwambie baba nitaosha mimi. Mwambie miaka yote nimejificha mimi. Zamu hii ajifiche yeye."

Maumivu yalimjia Asukile, yakapita, yakaja tena. Mwisho akavuta blanketi, akajifunika uso.

"Kateni," akasema humo ndani.

Wakakata. Kwa miezi saba, kila asubuhi, alijifunika uso akakohoa mara moja, na Yudith akaingia na beseni. Aliujua ule ubavu kuliko mkono wake mwenyewe. Macho ya mzee yalipogeuka manjano, Yudith hakuyaona; aliambiwa na Mika, aliyekuwa amerudi kutoka Iringa.

Asubuhi moja Yudith alisimama mlangoni akisubiri kikohozi, mpaka maji ya beseni yakapoa.

Asukile amezikwa Ilomba, nyuma ya nyumba, hatua kumi na mbili kutoka jiko la Yudith.