Baiskeli ya Mama Futi

Wifi yangu, dada wa mume wangu, ana magoti mabovu na mdomo mzima, na kwa miaka mingi mdomo ndio uliomfanyia kazi ya miguu. Ni fundi cherehani. Futi ya kupimia haimtoki shingoni. Nimemwona nayo msibani. Nimemwona nayo hospitalini, yeye mwenyewe amelazwa, anamweleza muuguzi kuwa sare yake imebana kwapani na aliyeishona afungwe. Mtaa mzima unamwita Mama Futi, na mimi, kwa kuwa wifi asipomtania wifi yake nyumba hupoa, namwita hivyo hivyo.

Mume wake, shemeji yangu, ni seremala mstaafu. Alipofunga karakana hakukaa barazani kuhesabu wapita njia kama wenzake. Alinunua basi dogo kuukuu, akang'oa viti, akatia kitanda, kabati, jiko la gesi na sola juu ya paa. Akaliita Kobe, kwa sababu linatembea na nyumba yake mgongoni na halina haraka na mtu.

Mama Futi alipenda safari za Kobe mpaka pale injini inapozimwa. Shemeji ana miguu ya swala. Wakishaegesha kando ya bwawa au chini ya kilima, huvaa kofia yake, husema, "Kaa hapo, narudi sasa hivi," halafu hutokomea. Hiyo sasa hivi yake hula asubuhi nzima. Mama Futi hubaki kwenye kiti cha kukunja, analinda sufuria ambazo hakuna mwizi anayezitaka. Bwana akirudi, ana hadithi za maporomoko, za ndege, za bibi mmoja anayefuga sungura weupe mia, na mke anaitikia kwa guno.

Siku moja tukinywa chai kwao, guno likageuka maneno.

"Wifi," aliniambia, lakini macho yako kwa mumewe, "mimi nimezunguka nchi nzima nikiangalia tairi la nyuma la Kobe. Nalijua kuliko watoto wangu. Sipandi tena. Labda nipate miguu mingine."

Nilicheka, nikidhani ni utani. Shemeji hakucheka. Aliponisindikiza getini alinishika mkono akasema, "Shemeji, asipopanda yeye, namuuza Kobe. Nitamsimulia nani?" Nikaona kweli maji yamefika shingoni, na mimi sipendi kuona mwanaume mzima anataka kulia karibu na pipa la takataka.

Basi mimi ndiye niliyeleta habari ya baiskeli ya umeme. Nilikuwa nimemwona mkunga wa zahanati yetu akipanda mlima wa shule juu ya kitu hicho bila tone la jasho, na mkunga yule ni mnene kunishinda. Mama Futi alinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo si kawaida yake, halafu akakaza futi shingoni. "Twende tukaione."

Mwenye duka alikuwa mwanamke wa rika letu, sauti nene, kila mtu kwake ni mpenzi. Akatuonyesha ya kwanza, matairi manene, taa kama za lori. Shemeji akaipenda papo hapo. Mama Futi akamwambia aiinue. Tukaiinua watatu, mwenye duka akiwa wa tatu, na bado tairi moja likabaki chini.

"Huyu ni ng'ombe," Mama Futi akasema. "Nani atampakia garini kila siku? Lete nyingine."

Ya pili ilikuwa ya kukunja, magurudumu madogo. Ilikuwa nyepesi, ingeingia hata chini ya meza. Mama Futi alikaa juu yake akajitazama kwenye kioo cha duka.

"Hapana. Nitaonekana nimemnyang'anya mjukuu."

Ya tatu ilikuwa ya rangi ya papai. Katikati imeinama, mtu anapanda bila kunyanyua goti. Betri inachomoka, unaichaji ndani ya gari kwa sola. Mama Futi akaizunguka mara moja. Alivua futi akaanza kuipima kama mteja wa gauni la harusi: kiuno, bega, urefu wa mguu. Mwenye duka alinikonyeza.

"Ukikanyaga pedali, mpenzi, yenyewe inakusukuma. Ukibonyeza hapa kwa dole gumba, hata kukanyaga huhitaji. Ila usibonyeze kwanz..."

Alikuwa ameshabonyeza.

Alitoka nduki. Akazunguka uwanja wa duka mara moja akipiga kelele, "Nakwendaaa!" kana kwamba hatukuwa tunamwona. Mzunguko wa pili akakosa kona, akapenya kwenye mlango wa majirani wanaoosha magari, tukasikia maji, mayowe, ndoo inaanguka. Akatokea upande wa pili na povu limejaa kwenye kilemba, kiatu kimoja hakipo, anacheka kicheko ambacho sijawahi kukisikia kwake tangu niolewe katika ukoo ule. Ni kicheko cha msichana. Shemeji alisimama mdomo wazi.

"Hii hii," Mama Futi akasema, akihema. "Na mwenye kiatu changu akirudishe."

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo walipojikwaa, na ni wao wawili tu duniani wangeweza kujikwaa hivi. Fundi cherehani hapimi kitu bila kuongeza nafasi ya mshono. Mama Futi ameongeza vidole viwili kila upande maisha yake yote: kwenye magauni, kwenye mapazia, hata kwenye kabati alilomwagiza mumewe walipooana, likagoma kuingia chumbani. Tangu kabati lile, shemeji akipewa vipimo na mkewe, hupunguza vidole viwili kila upande kimya kimya, na ndoa inakwenda.

Akatengeneza sanduku la baiskeli nyuma ya Kobe, chini ya kitanda, lenye mlango wa bawaba. Kazi safi, limepigwa randa mpaka unajiona. Siku ya kuondoka mtaa mzima ulikuja kuaga. Mimi nilialikwa kwenda nao, kama shahidi. Mama Futi alikuwa amevaa kizibao cha njano alichojishonea ili aonekane barabarani, na kweli angeonekana hata kutoka mwezini. Shemeji akaufungua mlango wa sanduku kwa madaha, akaisukuma baiskeli ndani.

Ikakwama. Gurudumu la mbele lilibaki nje.

Akaivuta, akaisukuma tena. Akaigeuza kinyumenyume, likabaki la nyuma.

"Mke wangu," akasema polepole, "ulinipa vipimo gani?"

"Sahihi kabisa."

"Pamoja na mshono?"

"Chuma kina mshono gani, baba? Nilikupimia kavukavu."

Shemeji akafuta uso kwa kiganja. "Basi huo mshono mimi nimeutoa."

"Umeutoa? Umeutoa kwa ruhusa ya nani? Tangu lini?"

"Tangu kabati."

Mtaa ulilipuka. Muuza mkaa alikaa chini kabisa, mbavu hana. Hata mimi nilishika mlango wa gari nisianguke. Lakini nilipomtazama shemeji niliacha kucheka. Alikuwa amepauka. Alisema atabomoa, tutaondoka kesho, au tuilaze kitandani, au chochote, maana alidhani mke anatafuta sababu ya kubaki na yeye ameshampa.

Mama Futi alikuwa anafunga helmeti.

"Mimi nimeshaaga," akasema. "Nikirudi ndani sasa hivi hawa watu watanidai machozi yao. Nyinyi leteni nyumba."

Akabonyeza dole gumba.

"Mbio za sakafuni huishia ukingoni!" jirani mmoja akapiga kelele. Mama Futi akampungia mkono bila kugeuka, jambo lililonifanya nifumbe macho.

Tukaruka ndani ya Kobe tukamfuata. Barabara ya bwawani ni tulivu, na mbele yetu kizibao kile cha njano kiliruka juu ya kila tuta, kikisalimia kila mtu, wachunga mbuzi, mafundi wa nguzo, na punda mmoja. Shemeji aliwasha taa za tahadhari akaendesha kama anayesindikiza bibi harusi. Kila mara alisema, "Mwone, mwone yule," kana kwamba nilikuwa na kingine cha kutazama. Nilifurahi mpaka nikaanza kuimba, na mimi sina sauti.

Halafu tukafika kwenye kilima cha mwisho kabla ya bwawa. Mama Futi alikipanda amekaa wima kama yuko sebuleni. Kobe alifika katikati, akakohoa, mvuke ukapanda kutoka kwenye rejeta, akasimama kabisa.

Shemeji akatoa kichwa dirishani. Sijawahi kumsikia akipaza sauti namna ile.

"Nisubiri! Mke wangu, nisubiri!"

Kule kileleni kizibao cha njano kikasimama. Mama Futi aligeuka, akatutazama, akatazama upande wa pili, ambako bwawa lilikuwa linaonekana kwake na halionekani kwetu. Akaweka viganja mdomoni.

"Kaa hapo!" akajibu. "Narudi sasa hivi!"

Akatoweka upande wa pili, na kicheko chake kikabaki kwetu.

Shemeji aliegemea usukani. Mabega yake yalianza kutikisika, na kwa muda sikujua kama anacheka au analia. Nadhani yalikuwa yote mawili. Kisha akashuka, akafungua kile kiti cha kukunja cha mkewe, akakiweka kando ya tairi la nyuma, akakaa.

"Miaka yote hii," akasema, akilitazama tairi. "Kumbe ndivyo mtu anavyojisikia akiachwa nalo."

Nikamletea chai, tukamsubiri.