Kura ya Wiki ya Giza

Swali lililoninyima usingizi halikuwa la mapenzi wala la kazi, ingawa vyote viwili sikuwa navyo. Lilikuwa hili: kama katiba hutungwa na wananchi, ni nani anayesema wananchi ni akina nani kabla katiba haijatungwa? Nikijibu kwamba ni sheria, sheria yenyewe imetoka wapi? Nikijibu kwamba ni wananchi, nimerudi nilikoanzia. Dada yangu, ambaye nililala sebuleni kwake, alinisikia nikijigeuza, akagonga ukuta.

"Weye, ni mbu ama ni federasyo?"

"Federasyo."

"Afazali mbu. Ule unaweza kumupiga kofi."

Nilikuwa nimerudi Kalemie na shahada ya sheria, na Zaire nzima ilikuwa ikizungumza katiba. Kinshasa wakubwa walikuwa wakibishana kama nchi iendelee kutawaliwa yote kutoka mji mkuu au kila jimbo lijitawale, ndiyo federasyo yenyewe. Nasi tukaunda kamati ya kutuma maoni yetu, kana kwamba Kinshasa ilikuwa imesimama dirishani ikitungoja. Kwa kuwa mtaani hapakuwa na mwingine aliyesoma sheria, nilifanywa mshauri wa sheria na kupewa kigoda.

Wajumbe wote walivaa tai. Siku za chama kimoja tai ilikuwa marufuku. Sasa ilikuwa imeruhusiwa, na kila mmoja alikuwa ameitoa yake sandukuni, pana kama mkia wa samaki sangala, ikinuka dawa ya mende. Walikuwa wazee walewale waliowahi kucheza ngoma za chama wakiwa na picha ya Kiongozi kifuani. Sasa walishangilia federasyo, na mdundo wa makofi haukubadilika hata kidogo.

Karani mstaafu wa reli aliamini federasyo ni treni kufika siku iliyotangazwa. Muuza chumvi aliamini ni ushuru wa bandari kubaki Kalemie; nilipomuuliza utabaki mfukoni mwa nani, alinyoosha tai. Mwenyekiti, aliyewahi kuwa mkuu wa shule, tulimwita Papa Prezida. Yeye alijua kwamba federasyo italeta mawaziri hapa hapa, na alikuwa ameshaanza kusalimia watu polepole.

Kwa kuiga wakubwa tulijitungia kanuni. Moja ilisema hakuna azimio litakalopita mpaka mshauri wa sheria atamke kwamba ni halali. Iliwapendeza kwa sababu kwa Kifaransa ilisikika vizuri. Hakuna aliyefikiri kwamba siku moja ningeweza kutamka vinginevyo, mimi nikiwa wa kwanza.

Kisha Papa Prezida akatusomea kifungu chake: katika jimbo letu, wenyeji wa asili peke yao ndio watakaopiga kura na kuwa na nafasi ya kuegesha mitumbwi ufukweni. Wengine ni wageni. Makofi. Mimi nikamfikiria shemeji yangu, mume wa dada. Alikuja zamani kutoka pwani ya kaskazini ya ziwa, akaoa hapa, akazaa hapa, anaimba kwaya hapa, na anavua ndagala, wale dagaa wa ziwani, hapa. Kifungu hiki kingemnyang'anya mwalo wake, yaani kipande cha mchanga ambapo kazi yake yote huanzia.

Kura ilipangwa Jumamosi, saa kumi na moja jioni, "ili wafanyakazi wapate kuja."

Ndagala huvuliwa usiku usio na mwezi, wakifuata mwanga wa karabai. Katika wiki za giza mitumbwi huondoka jioni na kurudi asubuhi. Mwezi ukijaa wavuvi hubaki nyumbani, wakashona nyavu, wakaoana, wakagombana. Jumamosi hiyo iliangukia giza tupu. Papa Prezida alikuwa ameichagua kwenye kalenda ya biro, yaani ya ofisini, ambamo mwezi haukuchorwa.

Nilimkuta akila bukari, ugali wetu, na ndagala.

"Papa Prezida, siku ile wavuvi watakuwa ku maji."

"Kama wanapenda inchi, waache samaki siku moja."

"Na watu wa biro wataacha biro?"

"Mutoto, usichanganye mambo. Biro ni kazi." Akamshika ndagala mwingine kichwa, akammeza na mkia wake.

Nyumbani shemeji alikuwa akifuta kioo cha karabai. Nikamweleza.

"Na weye njo muntu wa sheria wao?"

"Ni mushauri tu."

"Basi uwashauri," akasema, akaendelea kufuta.

Ningewashauri nini? Nani alinichagua? Mtu mmoja kwenye kigoda akizuia uamuzi wa wengi, huo ni ulinzi wa katiba au ni udikteta wa kigoda? Na je, ningefanya hivyo kwa ajili ya sheria au kwa ajili ya chakula changu cha jioni? Hili la mwisho lilinitesa kuliko yote: hakimu anayekula ndagala wa mwenye kesi hafai. Mpaka nikakumbuka sahani ya Papa Prezida. Kwa kipimo hicho Kalemie haikuwa na hakimu hata mmoja anayefaa.

Jumamosi ukumbi wa parokia ulijaa tai. Madirishani mitumbwi ilionekana ikisukumwa majini. Mikono yote ikainuliwa. Papa Prezida akanigeukia kama padri anayengoja Amina.

"Mushauri, sema halali, tuende."

Hotuba yangu ndefu, yenye lile swali langu lote, ilibaki mfukoni.

"Si halali," nikasema. "Nusu ya mji iko kule ku maji. Turudie kura mwezi ukijaa."

"Ati mwezi!" karani wa reli akapiga kelele. "Tulikutuma universite, unaturudilia na mambo ya mwezi kama mwanamuke mwenye mimba!"

Walicheka mpaka viti vikalia.

"Muulizeni anakula kwa nani," muuza chumvi akasema.

"Kwa shemeji yangu, Papa. Na weye, chumvi yako anainunua nani kama si wavuvi?"

Papa Prezida akasimama. "Tunafuta ile kanuni. Sasa hivi."

"Mufute, Papa. Lakini kufuta ni azimio, na azimio halipiti mpaka miye niseme ni halali."

Akalifungua daftari la kamati, akaanza kuitafuta ile kanuni. Nikakiacha kigoda.

Sikujua wavuvi wangepiga kura gani. Wengi wao ni wenyeji, na huenda wangeinua mikono kwa furaha kuwafukuza wenzao wa kaskazini. Shaka hiyo nilishuka nayo ufukweni, nikapita mtumbwi kwa mtumbwi nikisema: Jumamosi ya mwezi mupevu, parokiani, saa kumi na moja, kila muntu. Shemeji alikuwa wa mwisho kuondoka.

"Na kama tukishindwa?"

"Mutashindwa mukiwa ndani ya ukumbi."

Akasonya, akanionyesha upande wa nyuma wa mtumbwi. Nikavua viatu, nikasukuma.