Fundi Bodi wa Makambako Anayetaka Kulindwa Kidogo

Saa mbili asubuhi, na baridi ya Julai hapa Makambako haijali mtu amevaa koti gani. Romanus Haule amepiga magoti mgongoni mwa lori, anagonga mbao za sakafu kwa kifundo cha kidole, moja baada ya nyingine, huku ameinamisha sikio. Nne za kwanza anazipita. Ya tano anaigonga mara mbili, anaguna, kisha anamwambia kijana wake wa kazi aing'oe.

"Hii bado ina maji," anasema. "Ikikauka itajikunja, na mimi nitakuwa nimeshalipwa."

Mwenye lori, Bwana Halfan Issa, yuko pembeni na kikombe cha chai ya tangawizi. Analalamika kwamba kwa mwendo huu mahindi yatavunwa, yataliwa na kusahaulika kabla lori halijatoka. Romanus anamjibu bila kuinua kichwa kwamba chai ni ya bure, aendelee kunywa.

Uani, nyuma ya karakana, limelazwa boksi kubwa la bati jeupe lenye maandishi ya Kijapani ubavuni. Lilitoka kwenye lori hilohilo. Kuku wa jirani wamekwisha kulihamia, na hakuna mwenye mpango wa kuwafukuza.

Romanus ana umri wa miaka hamsini na miwili. Alizaliwa Mlangali, Ludewa, akajifunza useremala kwa mapadri karibu na Njombe, akitengeneza madawati na milango ya kanisa. Reli ilipofika Makambako aliifuata, kwa kuwa palipo na reli na barabara kuu pana malori, na lori linahitaji bodi.

Kwa msomaji asiyejua kazi hii: miaka ile lori jipya lilitoka kiwandani likiwa kichwa na chesisi tu, yaani injini, kibanda cha dereva na vyuma viwili virefu vya kubebea mzigo. Kilichobaki kilikuwa kazi ya watu wa aina ya Romanus. Sakafu, kuta, mlango wa nyuma, mahali pa kufungia turubai, vyote mbao na boliti.

Ana utaratibu wake, na hauvunji hata kwa mkubwa. Ukimletea lori hachukui futikamba. Anakuuliza kwanza, "Njia gani, mzigo gani?" Lori la mahindi ya Mlangali analipa kuta ndefu na sakafu isiyopitisha hata punje. La viazi vya Matamba analiachia nafasi ya kidole kidogo kati ya ubao na ubao, hewa ipite. Usipojua utakachobeba, anakutuma nyumbani ukafikiri.

Mwaka 1985 karakana yake ilitoa bodi ishirini na saba. Mwaka jana zilitoka nne. Mafundi kumi na mmoja aliokuwa nao wamebaki watatu, na mmoja wa hao watatu siku mbili kwa wiki anashona viatu sokoni.

Sababu anaijua kila mtu. Tangu enzi ya ruksa, milango ya biashara ilipofunguliwa, malori ya mitumba yanaingia kutoka Japani, mengine yakipitia Dubai, yakiwa kamili, na boksi lake la bati juu. Hata yakiwa yamekwisha kutembea miaka kumi huko yalikotoka, bado ni nafuu kuliko lori jipya linalounganishwa hapa nchini. Kiwanda kinakohoa, chesisi mpya hazionekani, na mafundi bodi wanakohoa nyuma yake.

Mwezi wa tano mafundi kumi na wanane wa Makambako na Njombe waliandika barua. Aliyeiandika ni Marcelino Mlelwa, fundi wa bodi za mabasi, mtu mwenye mwandiko mzuri na hasira za karibu. Barua iliiomba serikali ipige marufuku malori ya mitumba, ili kiwanda chetu kipumue nasi tupumue. Ilikosa kitu kimoja tu, sahihi ya mwenyekiti wa chama chao. Mwenyekiti ni Romanus.

Aliiweka kwenye droo ya meza ya karakana ikakaa wiki saba. Marcelino alipita kila Jumatatu kuiulizia. Alipochoka akaanza kusema mitaani kwamba mwenyekiti wao anawaua kwa upole.

Na hakuwa anamsingizia. Bila sahihi barua haiendi, na isipokwenda, wengine wangefunga milango kabla ya Krismasi. Romanus mwenyewe alikuwa wa kwanza kwenye orodha hiyo. Mtu anaachaje kuweka sahihi kwenye dawa yake mwenyewe?

Sehemu ya jibu inauza maharage. Mkewe, Mama Fidelia, jina lake Oktavia, ananunua maharage Mlangali na kuyaleta soko la Makambako. Yeye hazungushi maneno. Anakumbuka mwaka 1984 alipokaa barabarani siku tisa na magunia yake chini ya nailoni, akingoja lori. La siku ya nne lilikuwa la wenye kibali cha serikali tu. La siku ya saba lilikuwa limeharibika. La siku ya tisa lilimkuta na magunia mawili yaliyoota. Leo anachagua lori la kupanda, na anapatana bei na dereva hadi dereva anaomba radhi.

"Yeye alikuwa na foleni ya wateja, mimi nilikuwa na maharage yanayoota," anasema Oktavia, akimtazama mumewe kwa jicho la kucheka. "Akiweka sahihi malori yafukuzwe, ajue atakula ugali na chumvi."

Romanus anacheka, lakini taratibu, maana anajua mkewe hatanii sana.

Sehemu nyingine ya jibu ililetwa na Halfan, na hapo ndipo habari inapokuwa tamu, ingawa kwa Halfan haikuwa tamu hata kidogo.

Halfan ni Mrangi wa Kondoa. Alifika Makambako akiuza nguo za mitumba juu ya turubai, akaja kununua lori, kisha la pili. Bodi zake zote mbili zilitoka kwa Romanus. Wamezikiana wazazi, wamealikana Idi na Krismasi, na Halfan hajawahi kumwita rafiki yake kwa jina. Ni Baba Fidelia asubuhi hadi jioni.

Mwezi wa sita mwaka huu alinunua lori la boksi. Aibu ikamshika. Kwa wiki tatu alikuwa akilipitisha barabara ya nyuma, kupitia mashine za kusaga, ili lisionekane karakanani. Romanus alikwisha kuliona siku ya kwanza. Alisema moyoni kwamba kila mtu ana riziki yake, lakini anakiri kuwa iliuma.

Halfan akalipeleka Matamba kuchukua viazi. Kule juu karibu na Kitulo kulikuwa na ukungu na manyunyu, na wakulima walikuwa wakimhurumia kila mwenye lori la turubai. Halfan akapakia magunia tisini, akafunga milango miwili ya bati, akaibamiza kwa kiganja. Aliwaambia wenzake kwamba mvua itafute mtu mwingine.

Lori likateremka kona za Chimala, likapita Makambako, likaingia joto la Mikumi na Morogoro. Viazi vimepakiwa vibichi na baridi, ndani ya bati lisilo na tundu, juani. Siku ya tatu milango ilipofunguliwa Dar es Salaam, wapagazi walirudi nyuma hatua kadhaa. Magunia sitini na moja yalikwenda kumwagwa.

Alirudi Makambako kwa barabara ya mbele. Akaegesha mlangoni pa karakana, akashuka, akasimama. Romanus alikuwa akinoa randa.

"Baba Fidelia, nimekuja kutoa boksi," alisema.

Romanus hakumcheka. Aliagiza chai. Waliketi kwenye rundo la mbao, na Romanus akamwuliza, kwa upole kabisa, kwa nini hakuja kuuliza kabla ya kununua. Angemwambia viazi vinataka nafasi ya kidole.

Halfan aliweka kikombe chini. Kisha akatoa jambo alilokaa nalo miaka tisa.

Ni kwamba mbao za bodi lazima zilale mwaka mzima chini ya paa kabla ya kupigiliwa. Ndivyo mapadri walivyomfundisha Romanus, na ndivyo anavyowafundisha wenzake. Lakini mwaka 1985, mwaka wa bodi ishirini na saba, foleni ilimlevya. Wateja walikuwa wakimbembeleza, wengine wamengoja kibali cha kununua chesisi miaka miwili. Akaanza kupigilia mbao zilizolala wiki sita. Ya kwanza kati ya hizo ilikuwa ya Halfan.

Miezi minne baadaye sakafu ilijikunja na kuachana. Kutoka Mlangali hadi Njombe mahindi yalikuwa yakidondoka barabarani, na kuku wa vijiji vyote vya njiani wakawa wanalijua lori kwa mlio. Halfan alinunua magunia chakavu, akayachana, akaziba nyufa kwa kisu. Safari baada ya safari, mwaka mzima. Hakusema neno.

"Kwa nini hukuniambia?" Romanus aliuliza.

"Ningekwambia, halafu niende kwa nani? Mlikuwa wachache, na wote mlikuwa na foleni. Ningekuudhi, ungeniweka mwisho."

Romanus anasema jibu hilo lilimpiga kuliko bodi nne za mwaka jana. Anasimulia huku akiutazama mkono wake wa kulia, ule unaogonga mbao. Miaka yote aliamini wateja walimfuata kwa uzuri wa kazi. Wengine, anasema, walimfuata kwa sababu mlango mwingine ulikuwa umefungwa.

"Nilikuwa fundi mzuri, nikalindwa, nikawa fundi mbaya," anasema. "Na sikujua, maana hakuna aliyeondoka."

Siku iliyofuata aliitoa barua kwenye droo, akaiandika upya kwa mwandiko wake wa kukwaruza. Malori yaje, aliandika, yaje hata elfu, lakini kwa miaka mitano yaje kichwa na chesisi tu, bodi zijengwe hapa na watu wanaojua njia na mzigo. Kiwanda cha nchini nacho kipewe miaka hiyohiyo mitano ya kusaidiwa, kisha kisimame chenyewe. Mwishoni akaongeza sentensi iliyotikisa chama kizima. Fundi atakayepigilia mbao mbichi jina lake lifutwe, na wa kwanza kukiri kosa hilo ni mimi Romanus Haule, mwaka 1985.

Kikao kilikuwa Jumamosi iliyopita, hapohapo karakanani. Watu waliketi juu ya mbao na madebe. Marcelino aliisoma barua kwa sauti hadi mwisho, akaiweka magotini.

"Mwenyekiti, hii si barua ya kuomba. Ni barua ya kujishitaki," alisema.

Hakuishia hapo. Alisema maneno ambayo hata Romanus anakubali yalikuwa na akili. Lori lisilo na bodi litamgharimu mwenye lori bodi juu ya bei. Wenye malori watapiga kelele, na wao wana sauti kubwa kuliko maseremala. Wakubwa wakiona barua ya mafundi peke yao watasema hawa wanalilia tumbo, wataitupa. Bora kuomba marufuku yote, alisema, hata ukipewa nusu umepata.

Ubishi ulikuwa mkali. Wawili waliondoka kabisa, mmoja akisema hajaacha shamba lake Mawengi kuja kusikiliza maungamo. Romanus hakujitetea. Waliokuwepo wanasema alionekana mzee ghafla.

Halfan alikuwa kwenye benchi mlangoni, amekuja kuulizia lori lake. Hakuwa mwanachama wala hakualikwa. Aliomba aione barua. Aliisoma polepole, alipofika sentensi ya mwisho akaisoma tena, midomo ikicheza. Kisha akaomba kalamu, na chini ya jina la mwenyekiti akaandika: Halfan Issa, mwenye malori matatu.

Hakutoa hotuba. Alisema tu kwamba bodi atailipa, maana magunia sitini na moja amekwisha kuyalipa.

Marcelino aliitazama ile sahihi. Alimwuliza Halfan kama amefahamu kwamba ikikubaliwa lori lake la nne litakuja uchi. Halfan akasema amefahamu. Marcelino akaichukua kalamu, akaweka sahihi kwa ule mwandiko wake mzuri, na wengine kumi na watatu wakamfuata.

Alhamisi Romanus atapanda basi kwenda Iringa kuikabidhi mkoani, ili ipelekwe Dar es Salaam. Oktavia amempigia pasi suti ya harusi ya binti yao. Anasema barua hii anaiunga mkono kwa sababu haigusi maharage.

Mumewe hana uhakika kama itasomwa. Amesikia serikali siku hizi inaambiwa na wafadhili isizuie chochote, na anajua kwamba barua ya maseremala wa Makambako haiwezi kushindana na wafadhili. Ikikataliwa, anasema, atawafuata wenye maboksi mmoja mmoja, aanze na wanaobeba viazi. Akiwapata kumi kwa mwaka hatafunga mlango.

Na ikikubaliwa? Romanus anashuka kwenye lori, anajipangusa magoti. Halfan yuko hatua mbili tu, anasikia kila neno.

"Ninataka hiyo miaka mitano, sikatai," anasema. "Ila mwaka wa sita ninataka Halfan awe na kwingine kwa kwenda. Awe nako, halafu aje kwangu."