Siku Mgonjwa Aliposhuka Kwenye Kipoyi

Habari ilinifikia hapa Mbarara juzi asubuhi, nikiwa kibandani nangoja chai ya maziwa. Aliyenipigia simu ni mfugaji mmoja Mnyankore, jirani yetu wa zamani kule kambi ya wakimbizi ya Nakivale, mtu ambaye tangu nimfahamu hajawahi kupamba maneno. "Ule murefu yenu amekufa jana," alisema. "Tumbo ilimusumbua wiki mbili tu. Kuja." Hakutaja jina nami sikuuliza, maana katika vilima vile warefu ni wengi lakini mrefu wetu alikuwa mmoja. Nami sitamtaja. Waliomjua watamtambua baada ya mistari michache, na ambao hawakumjua wameepuka hotuba nyingi.

Mnaonisoma mara kwa mara mnajua kuwa mimi si mtu wa kutulia. Nimeuza viatu vya mitumba mpakani Kikagate, nimechoma matofali Isingiro, na hata sasa sidhani kama Mbarara itaniweza. Lakini miaka niliyoishi Nakivale ndiyo ninayoirudia kila nikikaa peke yangu, na katika miaka hiyo nilikuwa mwanachama wa chama cha kubeba wagonjwa. Kijiji chetu kilikuwa nyuma ya kilima. Mvua ikinyesha, pikipiki ilikwama na gari la wagonjwa halikufika. Sisi wa Kivu Kusini tulikuja na desturi yetu ya kipoyi, wenyeji walikuwa na yao waiitayo engozi, na tulipokutana tukagundua ni kitu kilekile: kitanda cha kusukwa kinachofungwa kwenye miti miwili mirefu, watu wanne wanakiinua mabegani, wengine wanafuata ili kuwapokea wakichoka. Tulikuwa kumi na wawili. Marehemu ndiye aliyeongoza mwendo, yaani alishika mti wa mbele na kutangaza njia: kushoto, jiwe, shimo, taratibu.

Alikuwa na nguvu nyingi za kubeba na nyingi zaidi za kutangaza. Tatizo lilikuwa urefu wake. Mimi ni mfupi, na kila nilipopangwa naye mbele, yeye kulia na mimi kushoto, mgonjwa aliteremka kidogo kidogo kuja upande wangu, hivi kwamba tulipofika zahanati nilikuwa karibu nimemkumbatia. "Weye mufupi," alikuwa akinichokoza, "uombe bibi yako akuazime viatu ya kisigino." Nami nilimjibu kwamba kukunja magoti ni bure, hakuhitaji kuazima kwa mtu. Hakukunja hata siku moja. Aliamini kabisa kwamba ulimwengu ndio uliokosea kwa kujengwa chini mno.

Chama kilikuwa na sheria moja ambayo yeye mwenyewe ndiye aliyeileta: mwenye mgonjwa habebi. Alisema mtu mwenye hofu miguu yake hukimbia, na kipoyi hakikimbizwi. Aliitekeleza bila huruma. Wanaume wazima walitembea nyuma ya wake zao na mama zao wakiwa wamebeba thermosi, naye akiwakemea wakinyoosha shingo kuchungulia.

Kisha ikafika zamu yake. Mkewe alishikwa na uchungu alfajiri, mvua ikimwagika, na ilipofika saa nne mkunga mmoja wa kijiji alitoka ndani akasema mtoto amekaa vibaya. Mama afikishwe zahanati, karibu na kijiji cha Misiera, haraka iwezekanavyo, la sivyo tungempoteza mtoto, pengine na mama. Tukamlaza, tukainua. Yule mfugaji aliyenipigia simu, naye mwanachama, akapewa mti wa mbele. Kiongozi wetu akapewa beseni, mfuko wa vitenge, na nafasi ya nyuma kabisa, kwa mujibu wa sheria yake.

Kunyamaza kulimshinda kabla hatujamaliza uzio wa kwanza. "Kushoto! Kule kuna potopoto mingi, mimi naona!" Potopoto ni tope. Mfugaji mbele alikuwa ameshasema kulia. Wawili wakaenda huku, wawili wakaenda kule. Mti mmoja ukashuka hadi magotini na mama yule akapiga kelele ambayo bado naisikia. Tukamweka chini, na hapo ndipo tulipofanya kosa ambalo wanaume kumi na wawili tu wanaweza kulifanya kwa ukamilifu ule: tukaanza kubishana kuhusu njia.

"Wewe muzee, wacha kelele," mfugaji alisema. "Sisi iko nabeba bibi yako, hapana mawe."

"Miaka yote hii nani anawatembeza?" marehemu alifoka. "Ninyi munatembea sawa batu ya matanga! Nipe ule muti!"

"Sheria ni yako, muzee."

"Nimeifuta!"

Kila mmoja wetu alikuwa na la kuchangia. Mimi, kwa aibu yangu, nilikuwa naeleza habari ya urefu wa mabega. Tulipogeuka, kipoyi kilikuwa kitupu. Mama alikuwa ameshuka. Alikuwa hatua kumi mbele yetu, miguu mitupu kwenye tope, mkono mmoja kiunoni, anatembea.

"Mubishane bizuri," alisema bila kugeuka. "Mimi naenda kuzala."

Mumewe alimkimbilia. "Mama watoto, rudia mu kipoyi. Nakuomba."

"Nitarudia kama weye unatangulia. Uende mbali, fasi sitasikia sauti yako."

"Na njia? Nani ataangalia njia?"

"Huyu wa ng'ombe. Anaenda pole, haniumize. Weye ukamutafute munganga. Kimbia."

Nilimwona akisimama pale na beseni lake. Kumwacha mkewe mikononi mwetu, sisi ambao hakuwahi kutuamini hata kuvuka mfereji, kulikuwa kugumu kwake kuliko kubeba kipoyi peke yake. Akatutazama mmoja mmoja. Halafu akakimbia, na miguu ile mirefu kwa mara ya kwanza ikafanya kazi bila kuinamisha mtu. Sisi tukamlaza mama tena. Mfugaji alisema tu "mpora, mpora", yaani taratibu, na aliyetuongoza hasa alikuwa mama mwenyewe. Uchungu ukimjia alisema "mungoje", tukasimama. Ukipita alisema "twende", tukaenda. Tulikuwa tumebeba wagonjwa kwa miaka bila kumpa hata mmoja wao nafasi ya kusema hivyo. Tulipofika, mganga wa zahanati alikuwa mlangoni na glavu mkononi. Marehemu alikuwa amemtoa kwenye chakula cha mchana. Mtoto wa kike alizaliwa kabla hatujapangusa tope miguuni, kamba ya kitovu ikiwa imemzunguka shingo. Mganga alisema kama angelazimika kutafutwa baada ya sisi kufika, mtoto yule tungemzika.

Ningependa kuwaambia kwamba marehemu alibadilika tangu siku hiyo. Wiki tatu alitangaza njia kwa kunong'ona, kisha sauti ikarudi yote. Ila aliongeza jambo moja. Kabla ya kuinua alimwinamia mgonjwa na kumwuliza, "Unataka nani atutembeze?" Wengi walimchagua mfugaji, naye aliumia waziwazi. Bibi mmoja alipomchagua yeye, tulisikia habari hiyo hadi mavuno.

Siku hizi barabara ya kilima imetengenezwa, pikipiki zinapita, chama kimekufa. Nafurahi kwa ajili ya wagonjwa, lakini naikosa ile kelele. Hapa Mbarara mimi huitwa mara kwa mara kutafsiri kwenye semina zenye neno ushirikiano ukutani kwa herufi kubwa. Asubuhi nzima huisha kwa kujadili nani awe mwenyekiti, na anayesemekana kusaidiwa hata hayumo chumbani. Huwa najiuliza kama bado yupo alipolazwa, au ameshajiendea zake kwa miguu.

Jana nilimpigia mjane kumpa pole. Nikamtania kwamba sasa nyumba itakuwa na utulivu. Akacheka, akalia, akasema, "Alikuwa na makelele mingi, ndugu yangu. Lakini ile siku nilimwambia aende, akaenda. Angebaki, huyu mutoto asingekuwa hapa kunipikia chai."

Zamani niliamini kwamba kufanya kazi pamoja ni wabebaji kuelewana wao kwa wao. Kwa yule mrefu nilijifunza kumwuliza kwanza anayebebwa, na kulitii jibu lake hata linaponiondoa mbele.