Salamu Zilizofutwa kwa Wino Mwekundu

Nimewahi kumchukia mtu kwa sababu ya mpaka wa shamba, na mwingine kwa sababu mbuzi wake walimaliza mihogo yangu. Kumchukia mtu kwa sababu ya kalamu, hilo limenipata muhula huu, uzeeni.

Mimi niliishia darasa la nne. Biblia naisoma kwa kidole, na nikiandika ni kama mtu anayelima kwenye mawe. Lakini hadithi nazijua, na hapa Kibondo wanajua kwamba nazijua. Ndiyo maana mwalimu wa Kiswahili wa sekondari ya kata yetu, kijana aliyepangiwa kazi huku kutoka mbali, alikuja nyumbani akaniomba nimsaidie kuwafundisha kidato cha pili kutunga hadithi. Kila Alhamisi, muhula mzima.

"Bibi, wanakopi tu," alisema. "Wote wanaandika kuhusu maghorofa. Hata kupanda ghorofa hawajawahi."

Nikaenda. Siku ya kwanza nikawaambia, atakayeniletea ghorofa nitamrudishia akalipige deki lote. Nileteeni kitu mlichokiona kwa macho yenu. Mmoja wa nyuma akasema, "Bibi, huku hakuna kitu, ni maharage tu." Nikamwambia ayaandike hayo hayo maharage, na akitia uongo nitajua, maana nimeyalima kabla baba yake hajaota meno. Akaandika. Yalikuwa maharage kweli, na wadudu wake.

Katika darasa lile alikuwamo mjukuu wangu, niliyemlea mwenyewe. Mwezi wa pili wa muhula aliandika siku ambayo baba yake alikuja kuniambia kwamba mama yake, yaani binti yangu, amekufa.

Kwetu mtu hatupi habari kama anayetua mzigo wa kuni. Mnasalimiana kwanza, na salamu zetu ni ndefu. Mkwe wangu alifika mchana kutoka Kasulu, alikokuwa akiishi na binti yangu. Akaegemeza baiskeli kwenye uzio, mbali, kama inavyompasa mkwe, akainama akapiga makofi taratibu. "Mwidiwe." Nikaitikia, "Mwidiwe." Nikamuuliza mvua, akasema imenyesha. Nikamuuliza maharage, akasema yamechanua. Nikamuuliza mbuzi, akasema amezaa mapacha. Nikauliza majirani, nikauliza njia, nikauliza hata jogoo. Kila kitu nilikiuliza isipokuwa binti yangu, kwa sababu nilishajua. Naye alinijibu kila kitu, kwa sababu aliona kwamba nimejua.

Mtoto alikuwa na miaka minane, amekaa kwenye mkeka anapukuchua mahindi. Nilidhani hasikii. Kumbe aliyabeba yote, na sasa ameyamwaga kwenye kurasa tatu za daftari. Hakuandika popote kwamba mama amekufa. Aliandika kwamba bibi aliishiwa maswali, akaepua chungu kabla hakijaiva.

Alipoisoma darasani, hata yule wa maharage aliweka kalamu chini. Nilijivuna, na simwombi mtu radhi kwa hilo.

Mwalimu akaichagua ikasomwe Kasulu, mbele ya wanafunzi wa shule nyingine. Siku mbili kabla ya safari alikuja kwangu na daftari. Kurasa zote tatu zimepigwa mistari myekundu, na pembeni ameandika: Salamu ndefu mno. Ingia kwenye mada.

"Wasikilizaji watachoka, Bibi," alisema. "Hadithi inaanza pale habari inapotolewa. Unaonaje?"

Nikasema, "Wewe ndiye mwalimu."

Mjukuu wangu alikuwa mlangoni na ndoo ya maji kichwani. Alisikia.

Kasulu nilikwenda nao, nikakaa benchi la mbele na kitenge changu kipya. Mtoto akasimama akasoma: "Baba alifika akamwambia bibi kwamba mama amefariki. Bibi alilia sana." Mistari sita, basi. Aliisoma kama mtu anayesoma maandishi ya chupa ya dawa ya ng'ombe. Na mimi sikulia siku ile. Nilie mbele ya mkwe, mimi? Walimtia mtoto uongo mdomoni, auseme juu yangu, na mimi nipo pale nimekaa.

Watu wakapiga makofi. Mwalimu akaniinamia. "Umeona, Bibi? Sasa imekaa vizuri."

"Imekaa kama kuku aliyenyonyolewa," nikamwambia, na njia nzima ya kurudi sikumpa neno lingine.

Jumatatu nilimfuata ofisini. Nikamwambia nataka daftari.

"Liko kwenye faili la shule, Bibi."

"Basi na mimi niweke kwenye faili, maana sitoki."

Nikakaa. Walimu wakawa wanapita, shikamoo Bibi, shikamoo Bibi, kila mmoja na mbio zake. Hata chai ilikuwa haijaletwa, mwalimu wetu akalitoa daftari. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Lakini nilikuuliza. Ulikubali."

Nikalitia daftari kwapani. Ningeweza kuandika hapa kwamba nilikubali kwa kuheshimu shule. Ni uongo, na mimi niliwakataza watoto uongo. Nilikubali kwa sababu nilipoiona ile mistari myekundu nilipumua. Sikutaka kusimama tena pale uani nikimuuliza mkwe habari za mbuzi. Kalamu ilikuwa yake, mkono niliusukuma mimi. Yeye naye sijamsamehe. Mtu aliyesomea kazi yake haombi ruhusa kwa kikongwe ili aiharibu.

Nilimkuta mjukuu wangu nyuma ya nyumba, kwenye mkeka na mahindi yake. Tangu Kasulu alikuwa ananijibu ndiyo na hapana tu. Sikumsogelea. Nilisimama kwenye uzio, nikainama na mgongo wangu huu, nikapiga makofi.

"Mwidiwe."

Aliinua macho. "Mwidiwe. Utokako hawajambo?"

"Hawajambo."

"Mwalimu hajambo?"

"Yupo, kwa bahati mbaya."

Hakucheka. "Mvua imenyesha huko?"

"Imenyesha kidogo."

Akauliza maharage. Akauliza njia. Akauliza na mbuzi, polepole, macho kwenye gunzi, mpaka nikakosa pa kujificha.

"Nilisema sawa," nikamwambia. "Haikuwa sawa. Nilikukosea."

Akanyoosha mkono, nikampa daftari. Akalifungua, akapitisha kidole kwenye ule mstari wa kwanza.

"Wino huu hautoki, Bibi."

"Andika upya."

"Nitaandika." Akafunua ukurasa wa pili. "Ila hapa kwa jogoo niliacha nafasi. Nilisahau baba alikujibu nini."

Nikaketi kwenye mkeka, taratibu, kwa sababu ya magoti.

"Alisema ameliwa na kicheche," nikamwambia. "Siku ile hakutamka baya jingine."