Bolti Moja Kabla ya Maziko

Saa tatu asubuhi, Ng'ambo, mjini Tabora. Fundi Emilian Ngassa amejikunja juu ya injini ya pikapu kuukuu aina ya Pijo. Kidole chake kinapapasa kisiki cha bolti iliyokatikia ndani. Kilichojitokeza nje hakizidi ukucha wa mtoto. Nyuma yake wamesimama ndugu wa marehemu.

Gari ni la Mzee Luhende, mrina asali wa upande wa Sikonge, aliyefariki juzi akiwa anatibiwa hapa mjini. Maziko ni leo alasiri, kijijini kwake. Padri ameshaarifiwa, kaburi linachimbwa. Gari ndilo halijawa tayari.

"Si tukodi jingine tu?" ananong'ona shemeji mmoja.

Yustina, binti wa marehemu, anatikisa kichwa. Mama yake, Bibi Consolatha, haoni. Miaka mingi sasa. Mlio wa pikapu hii ndio uliokuwa ukimwambia kwamba mumewe anarudi. Jana kwenye simu hakuomba kingine. "Mleteni na gari lake," alisema, "nimsikie akifika."

Aliyekata bolti ni Hilari, mtoto wa kiume wa marehemu. Pampu ya maji ilikuwa inavuja, naye alfajiri akaamua kuibadilisha mwenyewe. Bolti tatu zilikubali. Ya nne ilikuwa imeshikwa na kutu, na yeye, na uchungu wake wote, akaivuta kwa spana ndefu. Ikakatika ka!

"Nimemkwamisha baba mwenyewe," anasema, macho chini.

"Hujamkwamisha. Umefiwa," Emilian anamjibu bila kugeuka. "Lakini spana umpe mwingine. Kaa hapo."

Emilian ana miaka sitini na mmoja. Zamani alitengeneza magari mazima, mpaka mgongo ukamgomea. Siku hizi anafanya kazi ambayo mafundi wengi wanaikwepa: kutoa bolti zilizokatika. Hulipwa kati ya shilingi elfu tano na elfu ishirini kwa bolti, na ziko siku hapiti mteja hata mmoja.

"Wenzangu wakishavuruga, hapo ndipo wananikumbuka," anasema. Anataka kucheka, anaacha.

Anawasha gesi na kupasha moto chuma kinachozunguka kile kisiki, taratibu. Kisha anachukua donge la nta ya nyuki na kuligusisha. Nta inayeyuka na kunywewa kwenye hesi, ile mizunguko ya bolti, kule ambako mafuta hayafiki. Anarudia, anagonga kidogo kwa nyundo, anangoja.

"Nta hii aliniletea marehemu," anasema ghafla. "Kila msimu. Hakuwahi kupita mjini bila kuniamkua." Anajipangusa uso kwa kiwiko na kuendelea.

Hilari anashindwa kuvumilia, anainuka. "Shikamoo, fundi, lakini jamani, muda unakwenda!"

"Marahaba, mwanangu. Uache uende. Bolti hii haijui kama tuna msiba. Nikiilazimisha itavunjikia ndani kabisa. Hapo itabidi nitoboe, na nikipinda kidogo tu, injini imekwisha na mama yenu hatasikia kitu."

Hilari anakaa tena.

Chuma kikishapoa, Emilian anachomelea nati juu ya kisiki na kuweka spana. Hajaribu kufungua kwanza. Anakaza kidogo, ndipo analegeza. Mbele kidogo, nyuma kidogo. Kisiki kinalia. Kinakataa. Kinakubali. Kinapotoka chote, Yustina, ambaye tangu juzi hajatoa chozi, anaangua kilio, na wanawake wanamshika.

Pampu mpya inafungwa, jeneza linapakiwa nyuma. Emilian anapanda mbele, maana hataki injini ichemke njiani, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu kijiwe chake kinashinda bila fundi.

Wanaingia kijijini jua limeshaanza kuinama. Waombolezaji wanasikia mlio, nyimbo zinakatika. Bibi Consolatha amesimama mlangoni, amenyoosha shingo, akisikiliza mpaka injini inazimwa.

"Umechelewa leo, Baba Yustina," anasema. "Ingia upumzike."

Wanaume wazima wanageukia ukutani.

Baada ya maziko bibi amemwomba Hilari asiliuze gari, liwe linakwenda na kurudi kama zamani. Emilian alikuwepo alipoomba, na jambo hilo halijamtoka.

"Bolti za ekzosi, lile bomba la moshi, ni za umri uleule wa ile iliyokatika, kutu tupu," anasema, akiwa amerudi kwenye kijiwe chake Ng'ambo. "Kiangazi kikianza nitakwenda kuzitoa zote mwenyewe, moja moja, kabla mtu mwenye haraka hajazigusa. Gari lile lisinyamaze wakati mama yule yupo mlangoni."