Mlenda Alioandikisha Mke Mwenzangu

Mimi niliacha shule darasa la pili, mke mwenzangu alimaliza la saba. Kwa hiyo binti wa chuo kikuu alipofika kwetu, upande wa Mtinko, kukusanya mimea, mwenyekiti wa kitongoji alimpeleka kwa mwenzangu. Mimi ninayejua kila jani la porini kwa jina lake nilibaki uani napepeta uwele, nikiwatazama wakienda zao na mbao za kubania majani. Roho iliniuma, sifichi.

Walirudi na fungu la mlenda pori. Mwenzangu akataja jina moja, binti akaandika karatasini: jina la mmea, mahali ulipochumwa, na nani kalitaja. Nikalichungulia lile fungu. Humo ndani mlikuwa na mimea miwili! Mwenzangu anaujua mlenda ukishakauka na kutwangwa, na hapo wote ni unga mmoja wa kijani. Nikarudi kwenye uwele wangu. Acha jina lake likaaibike huko chuoni.

Lakini ule wa pili ni mama yangu aliyenifundisha kuuchuma, akanipa na jina lake la Kinyaturu. Ukiandikwa kwa jina la ule mwingine, jina alilonipa mama ndiyo basi tena.

"Mjukuu wangu, huo wenye ua la zambarau utoe," nikasema. "Huo ni ndugu yake ufuta."

Binti akapasua ua, akalitazama kwa kioo cha kukuzia. "Kweli, bibi! Ni wa ukoo wa ufuta. Huu wa maua ya njano ni ukoo mwingine kabisa."

"Mlenda ni mlenda," mwenzangu akadakia. "Dada, juzi ulipokula kwangu mbona hukuuliza ukoo?"

Binti akanisomea jina la kitaalamu la ule wa zambarau, maneno mawili: la kwanza la jamaa zake, la pili la mmea wenyewe. Nikauliza ni nani aliyeupa jina hilo. Akasema ni Mzungu mmoja wa zamani, wa kwanza kuuandika kitabuni.

"Mama yangu naye aliujua."

"Hakuandika, bibi."

Nikamwonea wivu hata huyo Mzungu marehemu.

Binti alitaka kutuandika wawili kwenye karatasi ile ile. Nikakataa. Mume tuligawana miaka yote ile, karatasi, hapana. Akacheka, akatoa nyingine, akalibania ua la zambarau peke yake. Chini akaandika jina la mmea kama mama alivyonifundisha, na jina langu mimi niliyelitaja. Nikamwambia asome kwa sauti, mwenzangu asikie.